Sikio Alipokwenda Kusomea Magari

Zamani gari likiugua fundi aliliinamia akalisikiliza. Siku hizi linachomekwa waya, anayeulizwa ni mtambo, na fundi husimama pembeni mikono nyuma kama mtu aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua.

Shemeji yangu alikuwa mtu wa zile siku za kusikiliza. Alimuoa mdogo wangu wa mwisho, akaja kufanya kazi gereji kwangu akiwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mwembamba, mikono imepita mikono ya shati. Jina lake hakuna aliyelitumia. Tulimwita Sikio. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini anauingiza kwenye tundu la sikio, anafumba macho. Hapo redio ilizimwa na wapiga nyundo walishusha nyundo. Baada ya muda angefumbua macho na kusema, "Silinda ya pili, upande wa moshi." Tukifungua, tunaikuta silinda ya pili, upande wa moshi.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Tulikuwa na majina ya sauti zote. Tapeti iliyolegea, kile kichuma cha kusukuma vali, ilikuwa cherehani. Beringi iliyochoka ilikuwa mpiga hodi, kwa sababu hugonga kwa kiganja na haichoki kungoja. Mkanda mkavu ulikuwa paka, na vali isiyofunga vizuri ilikuwa mzee wa pumu. Majina hayo niliyapokea kwa fundi wangu, nikaongeza yangu, nikampa Sikio yote. Hayamo katika kitabu chochote, na vitabu vya magari nimevisoma. Shule niliishia darasa la nne, lakini nimekaa miaka arobaini kitabu cha mwongozo kikiwa goti moja na kamusi goti la pili, na hakuna mwenye digrii atakayenidanganya juu ya kabureta. Shida ni kwamba hazipo tena kabureta za kudanganyana juu yake.

Lipo jambo moja la gereji yetu ambalo lazima nilieleze. Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na ubao, na kila fundi alikuwa na msumari wake na spana yake ya kumi na saba. Spana ilining'inia mdomo chini. Gari likirudi kwa sababu kazi haikuwa nzuri, aliyelipokea hakumwambia kitu fundi aliyelitengeneza, wala hakupiga kelele mbele ya mteja. Aliigeuza spana ya mwenzake mdomo juu. Basi. Fundi akifika asubuhi anaiona, haulizi nani kaigeuza, analitafuta gari lake, analirekebisha, kisha anairudisha spana mdomo chini. Hakuna anayecheka. Mafundi ni watu wenye kiburi. Ukimwambia mmoja wao kosa lake mbele ya watu, ama atakurushia nyundo ama atahama na wateja wako. Spana ilisema bila kumvunjia mtu uso. Kwa miaka thelathini haikuwahi kusema uongo.

Sasa siku moja alikuja mama mmoja mwenye miwani, anafundisha chuo kikuu uhandisi wa magari. Watu wake walimwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Gari lake lilikuwa limepita gereji tatu. Sikio aliweka bisibisi, akafumba macho, akasema, "Mpiga hodi, silinda ya nne." Tukafungua, tukamkuta mpiga hodi nyumbani kwake.

"Umejuaje?" Daktari akauliza.

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Ulichosikia kinatofautianaje na cha silinda ya tatu?"

Sikio akaigeuzageuza bisibisi mkononi. Akaniangalia mimi. Nikamwambia yule mama, "Dada, samaki haulizwi anaogeleaje."

"Ni kweli," akasema. "Ndiyo maana samaki hafundishi kuogelea." Akamgeukia Sikio. "Ungejua kueleza unachokisikia, ungekuwa mwalimu wa walimu. Kuna mtihani wa watu wazima wasio na vyeti. Jaribu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Neno lile lilimwingia shemeji yangu kama msumari kwenye tairi: upepo ulitoka polepole, na hakuna aliyeuona ukitoka. Mwaka mzima alisoma. Mdogo wangu alimsikiliza mezani akikariri kanuni, vyombo havijaoshwa. Akafanya mtihani, akapita. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Siku aliyoleta barua ya chuo gereji, mafundi walimbeba juu juu. "Mhandisi! Mhandisi!" Mimi niliendelea kufunga plagi. Alikuja akanionyesha barua, nikaisoma yote, nikamrudishia.

"Vizuri," nikasema. "Watakufundisha kuvaa koti jeupe."

"Shemeji, nitarudi kila Jumamosi. Siachi kazi."

"Kwani nani aliyekushika?"

Asubuhi yake alipofika alikuta spana yake mdomo juu.

Niliigeuza mimi. Hapakuwa na gari lililorudi. Nilitaka tu aone kwamba barua au si barua, ukutani bado ni fundi kama mafundi wengine. Alizunguka uwanja mzima akitafuta gari lake. Aliinua maboneti. Alimuuliza huyu, akamuuliza yule, jambo ambalo kwetu halifanywi, na mafundi walianza kuficha vicheko kwenye matambara. Hadi saa nane mchana bado alikuwa akitafuta. Mwisho akanijia, jasho limemkauka usoni na vumbi.

"Shemeji, ni lipi?"

"Halipo. Nilikuwa nakutania."

Akacheka. Alijilazimisha, lakini akacheka. "Umenipata, Shemeji. Leo umenipata kweli." Akaenda ukutani, akaigeuza mwenyewe. Wenzake waliendelea kumwita "Mhandisi wa gari lisilokuwepo" kwa wiki mbili.

Chuoni mambo yalikuwa mengine. Nilikwenda kumwona mwaka wa kwanza, nikakaa kwenye benchi nje ya karakana yao nikichungulia dirishani. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu na mistari ya njano, safi kiasi kwamba ungeweza kulaza mtoto. Injini zilikaa kwenye vyuma vyenye magurudumu, nyingine zimekatwa katikati kama mkate, kila kipande kina rangi yake ili wanaosoma wasipotee. Vijana waliishika grisi kwa vidole viwili. Katikati yao shemeji yangu, magoti yamegonga meza, akiandika huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Walimwita Mjomba. Mmoja wao, kijana anayevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba na kwa hiyo akaitwa Kioo, ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa, yaani ndiye aliyemtumia zaidi.

"Mjomba, hii nati imegoma."

"Ngoja." Anaifungua.

"Mjomba, na hii."

"Leta."

"Mjomba, si utufungie yote tu, sisi tuandike ripoti?"

Naye aliwafungia. Mwisho wa muhula Kioo alipata alama za juu katika vitendo, na Sikio alianguka hesabu. Matokeo yalibandikwa ukutani, majina yote, kila mtu ayaone. Vijana walisoma jina lake kwa sauti, wakamwambia, "Pole, Mjomba, hesabu hazisikilizwi kwa bisibisi." Alizirudia. Akaanguka tena. Akazirudia tena, akapita kwa alama moja. Mdogo wangu aliniambia kwamba usiku wa matokeo yale alilala amevaa viatu.

Lakini nisimnyime haki yake. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa amebadilika. Jumamosi alikuja gereji na maneno mapya.

"Shemeji, unajua kwa nini tapeti inaachiwa nafasi? Chuma kikipata moto kinatanuka."

"Nilijua tangu hujaota ndevu."

"Ulijua inaachiwa. Je, ulijua kinatanuka kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

Alicheka, akachukua chaki akaandika hesabu kwenye ubavu wa tenki la maji, mafundi wakakusanyika kumtazama. Walimtazama kama walivyokuwa wakinitazama mimi. Niliwaambia magari hayajitengenezi.

Mwaka huohuo ndipo masikio yake yalipoanza kumwacha.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mwenye gari dogo jeupe, alilichukua Jumamosi jioni baada ya Sikio kulitengeneza. Jumatatu alirudi. "Fundi, mbona linashona?" Hakuhitaji kuniambia. Nililisikia likiwa bado barabarani: cherehani kamili, ya fundi nguo mwenye haraka. Mtu kama Sikio asingeweza kuliachia gari lile. Nikajua palepale. Mimi mwenyewe nimewahi kuwafahamu mafundi wawili walioishia hivyo. Injini hulipiza kisasi kidogo kidogo. Kwanza huchukua sauti nyembamba, inakuachia nene. Mpiga hodi utamsikia mpaka kaburini, lakini cherehani itashona pembeni yako nawe hujui.

Nikafanya tulivyofanya siku zote. Nikaigeuza spana yake.

Jumamosi akafika. Akaiona. Akanitazama, nami nikatazama kazi yangu. Akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyechoka na mchezo wa mtoto, akairudisha mdomo chini.

"Shemeji," akasema kwa sauti, mafundi wasikie, "utani huo umechacha."

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama. Ningeweza kusema, "Safari hii si utani." Ni maneno manne. Nilisema moyoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi na avunjike. Nikalitengeneza lile gari mwenyewe.

Mara ya pili ilikuwa gari la kubeba mikate. Mara ya tatu teksi. Kila mara nilimgeuzia spana, na kila mara aliirudisha bila kutafuta gari. Mara ya tatu hata hakutabasamu. "Kama digrii yangu inakuuma, Shemeji, sema." Sikusema. Yeye alidhani ninamwonea wivu, nami kwa kweli nilikuwa ninamwonea wivu; lakini tapeti zilikuwa zikilia hata hivyo.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya mradi, akauandikia kitabu, kisha akautetea mbele ya walimu. Akishindwa kuutetea, hakuna digrii. Wenzake walichagua betri na kompyuta. Sikio alichagua kusikiliza. Alitaka kuziweka sauti zetu zote kwenye kitabu, na kila moja aioneshe kwa maikrofoni na mchoro wa kompyuta, ili mtu asiyewahi kushika bisibisi aweze kujifunza. Lile swali la Daktari alilolikosea jibu gerejini, sasa alikuwa amelipata. Alilala nalo na kuamka nalo mwaka mzima. Aliniletea kitabu chenyewe siku nne kabla ya utetezi, kimefungwa kwa gamba la bluu, mikono yake ameinawa mpaka imepauka.

"Soma ukurasa wa kwanza, Shemeji."

Nikavaa miwani. Aliandika kwamba anamshukuru mwalimu wake wa kwanza, ambaye ni mimi, "kwa maarifa ya kienyeji ambayo yalikuwa hayajathibitishwa."

Nilisoma mstari ule mara mbili.

"Hayajathibitishwa," nikasema.

"Ndivyo wanavyoandika, Shemeji. Ni lugha yao. Maana yake—"

"Maana yake naijua. Nina kamusi."

Akatoa mwaliko: kila mwanafunzi aliruhusiwa kuleta watu wawili. Alitaka niende mimi na mkewe. Nikasema nitakwenda.

Siku iliyofuata mdogo wangu alikuja gereji peke yake. Hakuwa mtu wa kuja gereji. Alikuwa akisema harufu ya oili humfuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Akanivuta nyuma ya tenki.

"Kaka, mwenzangu hasikii."

"Hasikii nini?"

"Usinifanye mtoto. Birika likipiga filimbi, limekauka maji, yeye ameketi hapo hapo. Redio anaifungua mpaka jirani anagonga ukuta, na huo ugongaji ndio anaousikia. Ananiuliza, 'Nani anabisha hodi?'"

Nilicheka. Naye akacheka, kisha akaacha.

"Mwambie wewe," nikasema. "Ni mumeo."

"Nimemwambia. Anasema mimi ndiye siku hizi ninanong'ona. Wewe ukimwambia atakubali. Daktari kasema watampa injini yenye hitilafu asikilize mbele ya watu. Kaka, akijua mapema anaweza kuwaambia wamtafutie mtu wa kusikiliza kwa niaba yake, kitabu si kipo? Kitabu ni kizuri. Lakini akienda hivihivi watamchana."

"Nimemgeuzia spana mara tatu."

Aliijua habari ya spana. Aliijua pia ile ya kwanza.

"Mdomo unao," akasema. "Mwambie kwa mdomo."

"Gereji yangu haina desturi hiyo."

Akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani, akaondoka bila kuaga.

Siku ya utetezi karakana ilijaa. Vijana walikaa mpaka kwenye meza. Daktari na wenzake wawili walikuwa mbele, na katikati injini moja kwenye chuma chake, maikrofoni imefungwa juu, waya unakwenda kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani. Mimi na mdogo wangu tulikaa mstari wa pili. Sikio alivaa suti aliyoolea. Suruali ilikuwa fupi.

Alieleza vizuri. Siwezi kusema vinginevyo. Alieleza mpiga hodi ni nini na kwa nini hugonga vile, akaonyesha michoro, na nilisikia mambo ambayo nimeyatenda maisha yangu yote yakipewa sababu moja baada ya nyingine. Alipotaja cherehani na paka vijana walicheka kwa furaha, na Daktari alikuwa akiandika haraka haraka. Mdogo wangu alinishika mkono.

"Sasa," Daktari akasema, "tumeiwekea injini hii tatizo. Sikiliza utuambie, kisha tulinganishe na mtambo."

Injini ikawashwa. Sekunde ya kwanza tu, cherehani. Wote waliisikia. Mlinzi wa mlangoni aligeuza shingo. Kwenye kioo ukutani mstari ulikuwa ukiruka kama panzi.

Sikio akatoa bisibisi, akaiweka, akafumba macho. Karakana nzima ikamngoja. Akahamisha ncha. Akahamisha tena. Akafumbua macho.

"Hii ni nzima," akasema.

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma. Daktari akainua mkono. "Sikiliza tena, taratibu."

Akasikiliza tena. Nilimwona akibonyeza mpini mpaka ngozi ya sikio ikawa nyeupe. "Ni nzima," akasema. "Inapumua vizuri."

"Angalia kioo."

Akageuka, akauona mstari unavyoruka. Akaukazia macho kwa muda. "Maikrofoni yenu ina kasoro."

Hapo kicheko kilikuwa cha wote. Kioo, rafiki yake, alikuwa amejifunika uso kwa daftari na mabega yanatetemeka. Daktari hakucheka. Alizima injini, akatoka mezani, akapita nyuma ya Sikio kama anayekwenda kufungua dirisha. Akatoa funguo zake mfukoni, rundo zima, akazitikisa karibu na shingo yake.

Hakugeuka.

Akazitikisa tena. Zililia mpaka tulioko mstari wa pili tukasikia kila moja peke yake. Shemeji yangu alikuwa akitazama kioo, akingoja aulizwe swali. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Na ni ule ukimya uliomgutusha. Alitazama nyuso zetu, akageuka, akamwona Daktari amesimama na funguo mkononi.

Alielewa, lakini alikataa. Akanitafuta kwa macho.

"Shemeji! Wewe waambie. Washeni tena. Shemeji, sikiliza uwaambie kama unasikia kitu."

Wakawasha. Watu wote wakanigeukia. Sikuhitaji bisibisi. Mdogo wangu aliubana mkono wangu hadi kucha zikaingia.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti kubwa, ili asikie, "Ni cherehani, Shemeji. Silinda ya tatu. Inakupita tangu mwaka wako wa tatu. Gari la mwalimu, gari la mikate, teksi. Nilikugeuzia spana mara tatu."

Niseme kweli: nilipokuwa nikisema nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimesimama katika karakana ya chuo kikuu na wenye digrii wananisikiliza, na nilichokisema kilithibitishwa palepale ukutani. Ile raha ilidumu kadiri ya muda wa kukaa chini. Nilipokaa, mkono wa mdogo wangu haukuwepo tena.

Walimu hawakumfukuza. Walimpa miezi sita aende hospitali akapimwe masikio, kisha arudi na mtu mwingine wa kusikiliza, autetee upya. Daktari mwenyewe alimfuata uwanjani akamwambia kitabu kile ni bora kuliko vyote vya mwaka ule. Sijui alisikia kiasi gani.

Jumatatu alikuja gereji. Mafundi walijifanya wana kazi. Alisimama mbele yangu, karibu kuliko kawaida, akitazama midomo yangu.

"Mara tatu?" akauliza.

"Mara tatu."

"Na ile ya kwanza? Siku ya barua?"

"Ile ilikuwa utani."

"Basi ningejuaje, Shemeji?"

Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua, bila hasira. Ningeweza kuvumilia hasira. Nilishika tambara, nikafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Magari yanasubiri," nikamwambia.

"Sema tena?"

"Magari yanasubiri!"

Mafundi wote walisikia. Akatikisa kichwa, akatoka. Tangu siku ile kila mtu pale alielewa kwamba siku ya barua spana iligeuzwa kwa chuki, si kwa utani, na hakuna aliyeiamini tena. Gari likirudi, fundi aliona spana yake akasema, "Nani huyo ananichezea?" Wakaanza kuambiana makosa kwa mdomo, mbele ya wateja. Wawili walipigana, mmoja akahama. Mwaka uliofuata nilinunua kile kimtambo cha kuchomeka waya, kwa kuwa mtambo ukisema kosa lako huwezi kuurushia nyundo.

Sikio hakurudi chuoni. Miezi sita ilipita. Mradi wake aliuchukua Kioo, aliyebaki chuoni kusomea shahada ya pili, akaweka maikrofoni tatu badala ya moja, akautetea akapata alama za juu. Nimekiona kitabu. Katika ukurasa wa kwanza amewashukuru wazazi wake, mchumba wake, na "mafundi wa mtaani kwa ushirikiano."

Mara ya mwisho kumwona yeye na mdogo wangu ilikuwa mwaka niliofunga gereji. Nilikodi lori nikapeleka injini mbovu kwenye uwanja wa chuma chakavu, nje ya mji, pale wanapominya magari yakawa kama sanduku. Ule mtambo wa kuminya hulia kiasi kwamba wafanyakazi hubadilishwa kila baada ya saa mbili. Mmoja tu habadilishwi. Alikuwa amesimama juu ya jukwaa, ameshika vyuma viwili vya kuuendeshea, masikio wazi, hana hata pamba.

Saa ya chakula mtambo ulizimwa. Mdogo wangu akaingia na kikapu kwa geti la waendao kwa miguu. Amezeeka. Wakaketi kwenye kiti cha nyuma cha gari kilichong'olewa, walichokiweka kwenye kivuli chembamba. Nikawaendea. Sikio aliniona kwanza. Akapangusa kutu ya viganja kwenye suruali yake, kama mtu anayetaka kutoa mkono, halafu akautazama uso wa mkewe ajue afanye nini.

"Shikamoo, kaka," mdogo wangu akasema, bila kuinuka.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Yeye anaendeleaje?"

"Anakuona."

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nimelibeba tangu siku ya utetezi. Nikamwinamia shemeji yangu, nikausogeza mdomo sikioni, na mdogo wangu akaweka mkono wake, mkavu, katikati yetu.

"Usimpigie kelele. Hachukui sauti yoyote tena. Ukitaka kumwambia kitu, niambie mimi, jioni nitamwandikia."

Nikamtazama. Alikuwa akingoja kweli, kifuniko cha bakuli mkononi. Sikio naye alikuwa akingoja, anatazama midomo yangu, yake imeachama kidogo.

"Basi," nikasema. "Msalimie."

"Nitamwambia."

Akafungua bakuli, akatoa vijiko. Vilikuwa viwili.

"Chakula ni cha watu wawili, kaka," akasema, akampa mumewe kijiko chake, akajigeuza kwenye kile kiti ili amkinge jua.

Nikapita kwa geti la malori.